Kinyesi cha Doto

Kama mwanao anahara na mtu mwenye koti jeupe amekuja kukuomba kinyesi chake, soma haya kabla hujamjibu. Sisemi umkubalie. Sisemi umkatalie. Nasema usifanye nilichofanya mimi.

Naitwa Mama Kulwa, nakaa Ngokolo, hapa Shinyanga mjini. Nina pacha, Kulwa na Doto. Wakati huo walikuwa na miezi kumi, wote wananyonya, wote wanatambaa, wote wanatia mdomoni kila wanachookota. Baba yao ni mchimbaji mdogo, yuko Nyarugusu huko Geita, anarudi nyumbani duara, yaani shimo lake la dhahabu, likimruhusu. Hata mimi niliishi kule miaka minne kabla ya hawa watoto, naponda mawe mwaloni, pale yanaposagwa na kuoshwa, pamoja na wanawake wengine. Ukishaishi machimboni, haki ya Mungu, humwamini tena mtu anayekuomba kitu kidogo. Kule hakuna anayeanza kukuibia kwa kikubwa.

Niwape mfano mmoja. Baba Kulwa na wenzake walikuwa na duara lao, wamechimba mpaka wamefika kwenye mwamba unaoanza kutia matumaini. Akaja mnunuzi mmoja, mpole, anaongea taratibu, akaomba sampo, yaani kipande cha jiwe cha kujaza kiganja, akapime. Wiki ikapita akarudi na sura ya msiba. "Poleni jamani, jiwe halina kitu." Wenzetu wakakata tamaa, wakahama. Mwezi haukuisha, mpole yule yule yuko juu ya duara lile lile, na watu wake, na mashine. Tangu siku hiyo wachimbaji wa upande wetu wakiombwa sampo hawabishani. Wanatabasamu, wanakubali, halafu wanatoa jiwe la duara jingine. Apime mpaka achoke. Mimi somo hilo nililishika vizuri kuliko somo lolote la darasani.

Sasa tuje kwa ugonjwa.

Ilikuwa kiangazi, malori ya pamba yanapita barabarani kutwa nzima na vumbi lake. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Kishapu, kijiji kimoja karibu na Mhunze. Alifika Jumatatu. Jumanne asubuhi Kulwa akaanza kutapika. Mnaelewa nilichowaza. Mwanamke mzee, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote hiyo, amefika jana, leo mtoto anaumwa. Sikukisema, lakini nilikiwaza, na haikuwa mara ya kwanza kukiwaza.

Yeye naye alikuwa na lake. "Hayo ni meno ya plastiki," akasema, akambonyeza Kulwa ufizi kwa kidole. "Ona hapa, peupe. Kwetu yuko fundi anayatoa." Ule weupe ni jino tu linalotaka kuota, lakini huku kwetu wapo wanaoamini ndilo linaloharisha, na hao mafundi wanalichokoa kwa spoku ya baiskeli. Nikamwambia thubutu, hakuna spoku itakayoingia mdomoni mwa mwanangu. Akaninunia. Tukawa wanawake wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamwangalia mwenzake pembeni, na mtoto katikati anakauka.

Jumatano Kulwa alikuwa anatoa maji matupu. Namfunga nepi, sijamaliza kumfunga, imeshalowa. Utosi ukabonyea. Lakini kilichonitoa nyumbani mbio ni kilio chake. Alikuwa analia na mashavu ni makavu. Nilimpapasa usoni nikitafuta hata tone moja la machozi, sikulipata. Nikamfunga mgongoni nikakimbilia hospitali, na mama mkwe, bibi yao, nyuma yangu na Doto.

Kwenye benchi la wodi ya watoto tulikaa akina mama kama kumi na wawili, kila mmoja na beseni lake na kanga iliyolowa, na harufu ile ya dawa ya kusafishia sakafu inayokukaa kooni. Kila mlango ukifunguka tunainua vichwa wote pamoja. Nesi mmoja, Rehema, alipita akiangalia watoto bila kuuliza nani alitangulia. Alimfinya Kulwa ngozi ya tumbo, ngozi ikasimama pale pale haikurudi, na hapo tukaitwa ndani kabla ya waliotutangulia. Mkononi mshipa ulikosekana. Mguuni ukakosekana. Wakamnyoa nywele kidogo pembeni, wakaiweka dripu kichwani. Bibi alijifunika uso kwa kanga. Mimi niliangalia mpaka mwisho, nilitaka kuona kila kitu wanachomfanyia.

Dripu ya kwanza haijafika nusu, akaja mzee wa maabara, Bwana Maganga, ana upara na miwani, na karatasi na kikopo kidogo chenye kijiko ndani ya kifuniko.

"Pole sana, Mama Kulwa. Naomba sampuli ya choo cha mtoto."

"Ya nini? Si ameshapewa dripu?"

"Ameshapewa, na matibabu yake hayategemei hii. Hata ukikataa atatibiwa vile vile. Sisi tunafuatilia kirusi cha rota, hiki kinachoharisha sana watoto wadogo. Kina aina nyingi. Watoto wanachanjwa, lakini wapo ambao bado wanaugua, kwa hiyo tunataka kujua ni aina ipi inayozunguka huku kwetu sasa hivi."

"Mnakipeleka wapi?"

"Kipimo cha kwanza tunafanya hapa hapa. Kutambua aina, hiyo inapelekwa maabara kubwa."

"Iko wapi hiyo?"

"Mbali kidogo," akasema, akatabasamu.

Mbali kidogo! Na tabasamu, na sauti ya taratibu, na kitu kidogo cha kujaza kiganja. Nilimwona yule mnunuzi wa Nyarugusu amevaa koti jeupe.

Bibi akanivuta kanga. "Mayu," akaninong'oneza, yaani mama, na kwetu ukiitwa mayu na mkweo ujue jambo ni zito, "kinyesi cha mtoto hakigawiwi. Kikitoka mkononi mwako hujui kinalala kwa nani." Ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe tunakubaliana jambo.

Utasema, si ungekataa tu? Rahisi kusema. Mtoto ana sindano kichwani, walioiweka ni wao, wanaoweza kuitoa ni wao. Alisema atatibiwa vile vile, sawa, lakini hata yule mpole alisema mengi. Nikaogopa. Nikafanya nilichofunzwa. Nikatabasamu, nikatia sahihi.

Alhamisi asubuhi bibi alikwenda bombani kuchota maji, akaniachia Doto. Doto akachafua kitambaa chake. Kinyesi kilikuwa laini kidogo, lakini cha kawaida cha mtoto mzima. Nikageuka ukutani, nikachota kwa kile kijiko, nikadondoshea maji kidogo, nikakoroga, nikafunga. Bwana Maganga alikipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, mama." Akabandika jina la Kulwa mbele ya macho yangu. Nawaambieni ukweli, nilijisikia mjanja.

Mchana ule nesi Rehema akasema wodi si mahali pa mtoto mzima, Doto aondoke. Bibi alilalamika, kwamba pacha hawatenganishwi, ukimpa mmoja umpe na mwenzake, ukimlaza mmoja umlaze na mwenzake. Lakini nani angembeba? Mimi nilikuwa na wa dripu. Akamfunga mgongoni ampeleke kwake Kishapu. Nilimpa mwanangu, nikawafuata mpaka mlangoni.

"Mama, meno asiguswe."

"Nimesikia," akasema, bila kugeuka.

Ijumaa asubuhi, dripu ya pili inaisha, Kulwa akafumbua macho akatafuta titi. Nililia pale kitandani kama mwehu. Bado namfuta mdomo, Bwana Maganga huyo na karatasi yake.

"Kipimo cha hapa kimetoka. Kulwa ana rota. Nyumbani kuna mtoto mwingine mdogo?"

"Hakuna," nikasema, hata jicho sikupepesa. Akaandika, akaenda.

Mnajua nilifanya nini? Nilicheka. Kulwa ana rota, na kilichopimwa ni cha Doto, mtoto mzima, anacheza! Nimewakamata. Hawapimi kitu hawa, wanaandika tu majibu wanayoyataka. Asubuhi yote niliitembea wodi ile kifua mbele. Adhuhuri nikashindwa kukaa na siri hiyo, nikamsimulia mwenzangu wa kitanda cha pili, Mama Shija, mkulima wa Ushirombo aliyekuja mjini kwa dada yake mtoto akaugulia huku huku. Alikuwa anamnywesha mwanawe maji ya ORS kijiko kimoja kimoja, anahesabu mpaka kumi, kijiko kingine. Nilimsimulia na vicheko. Hakucheka.

"Mama Kulwa," akasema, kijiko kimebaki hewani, "na kama si waongo?"

"Kivipi?"

"Kama kipimo ni cha kweli. Si ina maana ugonjwa wameuona kwa Doto?"

Jamani. Niliinua simu nikampigia bibi: haipatikani. Nikapiga tena: haipatikani. Baba Kulwa: haipatikani, yuko chini ya ardhi. Nikarudia namba hizo mbili mpaka kidole kikauma. Kulwa bado ana dripu, siwezi kumwacha. Doto yuko Kishapu kwa mtu anayeamini kuhara ni meno. Na watu pekee wenye uwezo wa kufika Kishapu siku ile ni wale wale niliowadanganya mara mbili.

Niliwakuta nesi Rehema na Bwana Maganga koridoni. Sikutafuta maneno. "Kile kikopo si cha Kulwa. Ni cha pacha wake. Nilisema hakuna mtoto mwingine, yupo, yuko Kishapu kwa bibi yake."

Nesi Rehema akaniwakia. "Wewe mama! Asubuhi umeulizwa, si ungesema? Tungekwambia saa ile ile aangaliwe, aletwe! Unajua tangu asubuhi ni saa ngapi?" Alikuwa na haki, na kila neno lilinipata. Bwana Maganga alivua miwani akaipangusa kwa koti. Nilisubiri matusi yake.

"Kijiji gani?" akauliza.

Basi hapo hapo akapiga simu zahanati ya kule, na zahanati ikampigia mhudumu wa afya wa kijiji, mama mmoja mwenye baiskeli. Tukasubiri. Simu ilipolia alikuwa mhudumu yule, anahema. Amemkuta bibi njiani na Doto mgongoni. Doto anahara tangu jana jioni, ametapika mara nyingi, amelegea. Walikuwa wanakwenda kwa fundi wa meno. Bibi amegoma kugeuka. Anataka kuongea na mimi. Nikapewa simu.

"Mama, shikamoo. Doto yukoje?"

Hakuitikia. "Umejuaje?"

"Mama..."

"Nakuuliza umejuaje. Simu yangu haina chaji tangu jana. Sijamwambia mtu hata mmoja. Mtoto ameugulia kwangu, wewe uko Shinyanga, mara natumiwa mtu na baiskeli anasema Doto anaumwa. Umejuaje?"

Kwetu anayeujua ugonjwa kabla haujasemwa ni mtu wa aina moja tu, na jina lake hamhitaji niwatajie. Mimi niliyemwangalia yeye hivyo miaka yote, sasa yeye ananiangalia mimi. Na kama anaamini ndiye mimi, mahali pa mwisho duniani atakapomleta Doto ni hapa nilipo.

Uongo ulikuja wenyewe. Sema uliota. Sema titi limekuuma upande wa Doto. Angalau hayo mama yeyote anasema. Lakini ndoto ingenimaliza kabisa. Ulibaki ukweli, na ukweli ndio aliokuwa amenikataza.

"Nilitoa kinyesi cha Doto, mama."

Nilisikia kuku wa watu, na mhudumu anamwambia Doto kunywa baba, kunywa.

"Ulimpa nani?"

"Watu wa maabara. Nikasema ni cha Kulwa. Wamekipima, wameukuta ugonjwa humo. Ndivyo nilivyojua."

"Umegawa kinyesi cha mjukuu wangu."

"Ndiyo, mama."

"Nimekukataza."

"Ndiyo. Mama, nisikilize, mlete. Unitukane ukishafika. Mlete."

Simu ikakatika. Nikapiga, haikupokelewa.

Sijui kama mmewahi kusubiri mtu bila kujua amepita njia ipi. Jua lilihama kutoka dirisha la kwanza mpaka la tatu. Nilijaribu kumnyonyesha Kulwa, maziwa hayakutoka, kifua kimekuwa kigumu kama kigae. Mama Shija alinikanda kwa kitambaa cha maji ya moto bila kunisemesha, na huruma ile sitaisahau. Moyoni nilikuwa naona spoku. Naona ufizi wa mwanangu na spoku.

Alikuja jua linataka kuzama, ameshuka kwenye kiti cha mbele cha lori la pamba, yeye na mhudumu, nyuzi za pamba kwenye nywele. Mhudumu aliniambia simu ilipokatika bibi alisema mtu aliyekiri alichokatazwa asikilizwe kwanza, wakageuka. Doto macho yamezama, mashavu makavu, mdomo mzima, haujaguswa. Njia nzima walimnywesha ORS kwa kifuniko cha chupa. Bibi alinipita kama anayepita nguzo, akamkabidhi nesi Rehema.

Siku zilizofuata tulikaa pande mbili za kitanda. Alikula kwenye sufuria ya Mama Shija, changu hakukigusa. Mimi nilikuwa nimekwisha, midomo imepasuka, nywele zinatoka na kitana. Baba Kulwa alipopatikana hatimaye alisema anakuja, nikamwambia njoo, lakini usiulize kitu mlangoni. Dripu ya pili ya Doto ilipofika katikati, akakojoa. Mkojo halisi, wa kuruka, ukamlowesha bibi mkono. Tulicheka wote wawili, kwa sauti, tumeshikana vidole juu ya mtoto. Halafu akakumbuka kwamba amenuna, akautoa mkono wake.

Nawe unayesoma, usidharau mkojo. Ukimwona mtoto anayehara hajalowesha tangu asubuhi, au analia bila machozi, usingoje mtu wa kushauriana naye. Mnyweshe kijiko kijiko ukiwa njiani. Na kama yuko mwingine mdogo nyumbani, mtaje, hata kama anacheza.

Kabla hatujaruhusiwa Bwana Maganga alikuja tena. Ile karatasi ya kwanza aliifuta jina mbele yangu akaandika la Doto. Akaomba sampuli ya kila mtoto, ya kweli safari hii. "Na kama hamtaki, kataeni tu," akasema. "Nawaomba. Kataeni."

Bibi ndiye aliyejibu, neno lake la kwanza kwangu tangu amlete Doto. "Mpe. Ila nakwenda nayo."

Akamfuata nyuma mpaka maabara, akasimama mlangoni, akaangalia jina linaandikwa, akaangalia vikopo vinaingia kwenye friji. Aliporudi akakaa, akajitengeneza kanga. "Friji lao limejaa mavi ya watoto wa watu, yamepangwa kwa majina," akamwambia Mama Shija. "Hakuna mchawi wa kuhangaika hivyo."

Majibu ya aina yalikuja mvua za kwanza zimeshanyesha. Bibi alikuwa amekuja Ngokolo, tumekaa barazani tunamenya viazi, kila mmoja na kisu chake. Nikaweka simu kwenye spika asikie mwenyewe. Bwana Maganga akasema vikopo vyote vitatu vina aina moja. Nikamuuliza nani alimwambukiza nani, na nani aliwaletea. Akasema kipimo hakisemi hilo, kirusi kinakaa mikononi, kwenye vyombo, kwenye sakafu, popote. Nilimshukuru, lakini sitawaficha, niliumia. Nilikuwa nasubiri jina la mtu.

Bibi alimaliza kiazi chake. "Kwa hiyo hakuna aliyetuma."

"Hakuna, mama."

"Siku ile ya simu nilikushuku," akasema. "Mpaka Doto alipokojoa. Hiyo ni siku moja na asubuhi yake. Wewe mimi umenishuku tangu lini?"

Ningeweza kusema sijawahi. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lina sukari kabisa.

"Tangu wiki ya harusi, mama."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa jambo analolijua. Akaweka kisu chini, akaifuta mikono kwenye kanga, halafu akaikumbuka sabuni, akainuka, akanawa, akarudi kukaa.

"Nilikuwa najua," akasema. "Nipe watoto."

Nikampa wote wawili, nikaingia ndani kupika. Siku ile alikula.